Biashara ya familia hairithiwi kwa damu

Ujumbe unaozunguka kila mara kwenye makundi ya mtandaoni unadai kuwa mtoto aliyekulia kwenye biashara ya wazazi hahitaji kufundishwa, ataiendesha tu. Si kweli. Mali hurithiwa, lakini kusoma hesabu, kutofautisha mauzo na faida, kukopa kwa kiasi na kusimamia wafanyakazi waliomzidi umri hufunzwa, tena kwa miaka. Kupima ni rahisi: mwachie mrithi vitabu na maamuzi ya mwezi mzima, mzazi asiingilie, kisha muulize fedha zimekwenda wapi. Mkanganyiko unaeleweka, maana mtoto huona wateja wakihudumiwa, haoni madeni yakijadiliwa faraghani (na huko ndiko kwenye kazi yenyewe). Ukiupata ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.