Mguu niliomtengenezea dogo unakaa benchi

Jumamosi iliyopita nilikaa pembeni ya uwanja wa vumbi nimepakata mguu wa mtu. Mguu wa kushoto, una soksi, una raba imefungwa kamba vizuri kabisa, na mwenye mguu yuko katikati ya uwanja anakimbiza mpira na magongo mawili. Mama muuza karanga kapita, kaangalia mguu, kaniangalia mimi, akasema "pole kaka" akaendelea na safari yake. Nikakosa hata pa kuanzia kumuelewesha.

Mi ni fundi wa viungo bandia. Nilisomea Moshi, TATCOT, kile chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo pale hospitali ya KCMC tangu 1981, na darasani tulikaa na watu wa nchi kibao za Afrika. Wagonjwa wote wananiita dokta, mi sio dokta, nilishachoka kusahihisha. Leo nataka niongelee vijana wa michezo wanaokatwa mguu, maana napata sana meseji za wazazi na makocha, na karibu wote wanauliza kitu kimoja: "huo mguu wa kukimbilia bei gani?" Hilo swali ni la mwisho kabisa jamani, na wengine hata halihitajiki.

Huyu dogo tumuite Winga. Alikuwa na miaka 17, anacheza wingi ya kushoto timu ya mtaani, mguu wa shuti ni huohuo wa kushoto, kapakizwa kwenye bodaboda wakakutana na fuso. Mfupa chini ya goti ulisagika, kidonda kikaingia wadudu, madaktari wakahangaika nacho wee mwisho wakakata. Nilivyofunua shuka siku ya kwanza nikaona goti lipo nikashukuru kimoyomoyo, ila mama yake alikuwa analia pale pembeni so huwezi kusema "hongera goti limebaki". Lakini ndo ukweli wenyewe, mtu mwenye goti lake anapanda ngazi, anachuchumaa kidogo, anatembea bila kutumia nguvu nyingi kama yule aliyekatwa juu ya goti, tofauti yao ni kubwa mno.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndo wengi wanaharibu. Wiki za mwanzo mgonjwa anawekewa mto chini ya goti ili "apumzike vizuri". Ndugu wana nia njema kabisa. Goti likikaa limekunjwa kwenye mto wiki tatu nne, misuli ya nyuma inafupika, goti linagoma kunyooka, na goti lisilonyooka mi siwezi kulitengenezea mguu wa maana hata uniletee milioni ngapi. Nilimkuta Winga na mito miwili. Nikaitoa mwenyewe, nikamwambia mama "shikamoo mama, samahani, hii mito mmoja aweke kichwani na mwingine ukalalie wewe", akacheka kwa mara ya kwanza.

Kingine ni bendeji. Kigutu, sisi karakana tunaita stampu, kikitoka kukatwa kinavimba, kwahiyo kinafungwa bendeji ya kuvutika kwa mtindo wa namba nane, unakaza zaidi chini unalegeza ukipanda juu, unafungua na kufunga upya mara kadhaa kwa siku. Ukizungusha tu kama unafunga mzigo kwenye baiskeli unapata kigutu chenye shingo, kimebanwa katikati kimevimba chini kama balbu, na hicho hakiingii kwenye soketi, yaani lile kopo la juu la mguu bandia linalovalishwa kigutu.

Halafu kuna maumivu ya mguu ambao haupo. Watu wanaona aibu kuyasema wanahisi wataambiwa wamechanganyikiwa au wamerogwa. Winga alikuwa anasema vidole vya kushoto vimejikunja na kucha zinamchoma, vidole ambavyo havipo. Sio uchawi, ubongo bado una ramani ya mguu mzima na mishipa ya fahamu iliyokatwa inaendelea kupiga kelele. Fizio wetu, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuja na kioo cha kawaida tu, cha saluni, akakisimamisha katikati ya miguu, dogo akawa anaangalia mguu wa kulia kwenye kioo unaonekana kama ndo wa kushoto. Akakunja vidole, akakunjua, akakunja, akakunjua, kimya kama dakika nzima. Halafu akasema taratibu, "dokta, vimeachia." Sio kila mtu kinamsaidia, wapo ambao wamekaa na kioo mwezi mzima hamna kitu, lakini kioo ni bei ndogo, jaribu.

Mguu wenyewe nisiwachoshe. Tunachukua umbo la kigutu kwa plasta ileile ya hogo, tunapata sanamu, tunaichonga, hapa tunapunguza, hapa tunaongeza, kwasababu kuna sehemu zinapenda kubeba uzito, kama ile kano nene chini ya kofia ya goti, na kuna sehemu hazitaki hata kuguswa, mfano kile kichwa cha mfupa mdogo kwa nje ya goti. Kisha shiti ya plastiki inaingia oveni mpaka inalainika kama chapati, tunaivisha sanamu, hewa inafyonzwa, ikipoa ndo soketi. Mara ya kwanza anavaa dakika 15 tu, anavua, tunaangalia ngozi. Wekundu unaoondoka ndani ya dakika kumi hauna shida, ukibaki kuna kitu mi nimekosea.

Na nilikosea. Ile sehemu ya nje ya goti sikuiachia nafasi ya kutosha, dogo akaona wekundu akanyamaza, maana aliogopa nikimnyang'anya mguu hatacheza. Alitembea na kidonda siku nane anajifanya yuko poa. Tukapoteza wiki tano kukiponyesha. Nilimkasirikia sana siku ile, baadae nikajikasirikia zaidi, maana kila alivyoniuliza "dokta nitacheza lini" nilikuwa namjibu "tutaona". Kijana wa miaka 17 ukimwambia tutaona anasikia hapana, na akishasikia hapana anaanza kukuficha vitu.

Basi turudi kwenye swali la bei. Mguu wa kawaida ninaotoa mimi una kanyagio la raba, ni wa kutembelea, kwendea shule, sokoni, msikitini, kanisani. Haurudishi nguvu. Ukikimbia nao ni kama unakimbia na gumboti moja imejaa mchanga. Ile miguu ya kupinda mnayoona kwenye Paralimpiki imetokana na kazi ya Van Phillips, Mmarekani aliyepoteza mguu 1976 akiwa kijana wa miaka 21 akiteleza majini, akachukia mguu aliopewa mpaka akaamua kutengeneza wa kwake wa kaboni. Unajipinda ukikanyaga, unarudisha nguvu ukinyanyua. Ni kitu kizuri sana ila bei yake ni maelfu ya dola, unafaa mbio tu, na kijana anayekua soketi yake inabadilishwa kila mara. Mi nilimpigia dogo hesabu za huo mguu miezi mitatu, naandika barua za kuomba wafadhili, na muda wote huo kumbe jibu lilikuwa halihitaji mguu kabisa.

Mpira wa watu wenye ulemavu wa viungo unachezwa bila mguu bandia! Ni sheria. Wachezaji saba kila upande, wale sita wa ndani wamepungukiwa mguu na wanacheza na magongo ya kiwiko, kipa yeye kapungukiwa mkono. Nusu moja dakika 25. Hamna ofsaidi. Gongo likigusa mpira makusudi ni kama umeunawa, na kigutu pia hakiruhusiwi kuuchezea. Ulianza Seattle, Marekani, miaka ya 1980, bwana mmoja Don Bennett aliyekatwa mguu aliupiga mpira akiwa kwenye magongo akaona inawezekana. Na sisi tumo, wala sio wageni, mashindano ya Afrika 2021 yalifanyika Dar, na 2022 Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya mpira huu, wakaenda Kombe la Dunia Istanbul wakafika robo fainali. Angola ndo walikuwa wamebeba kombe la 2018. Nilivyomuonyesha Winga video kwenye simu hakusema kitu, akairudia, akairudia tena, bando langu likaisha.

Hapo kazi ikabadilika kabisa. Nikaacha kuangalia kigutu nikaanza kuangalia mabega. Alikuwa anatumia magongo ya kwapani, yale ya mbao, anayaegemea kwa kwapa mpaka mkono unakufa ganzi, mshipa wa fahamu unabanwa pale. Tukahamia ya kiwiko. Mshikio uwe usawa wa mstari wa kifundo cha mkono akisimama wima, kiwiko kipinde kidogo tu, magongo marefu yanapandisha mabega shingoni na mafupi yanavunja mgongo. Viganja vilichubuka wiki mbili, bega la kulia likamsumbua, fizio akampa mazoezi ya kuvuta tyubu ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo. Na ule mguu uliobaki ndo wa kulindwa kama mboni, kila akiruka unatua peke yake, kwahiyo kifundo na goti la kulia tunayafanyia mazoezi kuliko kitu kingine chochote.

Shuti sasa. Mguu wake wa kulia ulikuwa wa kupandia daladala tu. Kwenye huu mpira unapanda magongo yote mawili mbele, mwili unabembea katikati, mguu unakuja kutoka nyuma, kwahiyo ukikosea muda unapiga hewa unaanguka chali. Kaanguka mbele yangu labda mara arobaini siku ya kwanza. Mama yake alitaka kuingia uwanjani, nikamshika mkono nikamwambia mama mwache.

Kwahiyo hapana, mguu niliomtengenezea haujapotea. Anafika nao uwanjani, anatembea nao toka stendi, anauvua, ananipa, mechi ikiisha anaipangusa jasho stampu anavaa anarudi nyumbani kama watu wengine. Jumamosi walifungwa mbili bila, nafasi moja ya wazi alikosa yeye uso kwa uso na kipa, alikuja kanuna kweli. Hata hakuuchukua mguu, alinigeuzia gongo nione, raba ya chini ya gongo imeisha upande mmoja mpaka bomba linaonekana.

"Dokta, kile kipande cha soli kilichobaki kwenye mguu wangu bado unacho?"

Ninacho. Jumatano anakuja, na soketi yenyewe ishakuwa kubwa, nimemkuta kavaa soksi tano kwenye kigutu ili isicheze.