Macalder: dhahabu haikimbii

Macalder, kule Nyatike katika Kaunti ya Migori, palichimbwa dhahabu miaka ya 1930, kisha shaba hadi mgodi ukafungwa mwaka 1966. Maneno mengi yanayosemwa kuuhusu yanatokana na kutoujua mwamba wenyewe.

"Dhahabu ilitemwa na volkano za hapa."
Milima ya Gwasi na Homa, volkano za karibu na hapa, ni ya juzi tu. Mwamba wa Macalder una takriban miaka bilioni 2.7. Volkano zilihusika, ndiyo, lakini zilikuwa chini ya bahari: maji moto yenye madini yalitoka kwenye nyufa, yakapoa ghafla, na chuma, shaba na zinki vikaganda pamoja na salfa. Dhahabu ilidandia tu. Ndiyo maana madini hapa ni bonge bapa lenye mwisho. Usitarajie kuyafuata kama mishipa ya jiwe jeupe ya mgodi wa dhahabu wa Rosterman, Kakamega.

"Ukichimba sana, dhahabu inakimbia."
Hili ndilo linalowapotezea watu pesa nyingi zaidi. Karibu na uso wa ardhi, hewa na mvua vimeozesha salfa ya mwamba. Umebaki mwekundu kama kutu, mwepesi kusaga, na chembe za dhahabu ziko huru. Zebaki inazinasa vizuri. Ukivuka usawa wa maji ya ardhini unakutana na jiwe la kijivu, zito, linalometameta, ambalo halijaoza. Dhahabu bado imo, ila imefungwa ndani ya pairaiti (madini ya njano ya chuma na salfa) na arsenopairaiti (yenye aseniki pia), zebaki isiiguse. Kuongeza zebaki hakusaidii. Inapotelea kwenye mabaki ya jiwe lililosagwa. Mabaki hayo yakitiwa sianidi, kemikali ya kuyeyusha dhahabu, baadaye, sianidi huyeyusha hata zebaki na kuisambaza. Kulichoma jiwe ndilo kosa baya kuliko yote: harufu ya kitunguu saumu ukiisikia, hiyo ni aseniki, sumu.

"Kinachong'aa njano ukikikwaruza kwa kisu kikakwaruzika, ni dhahabu."
Kisu kinaikataa pairaiti, kweli, kwa kuwa ni ngumu kukizidi. Lakini madini ya shaba ya njano, ambayo Macalder yamejaa, nayo hukwaruzika. Tumia sindano: dhahabu inabonyea, yale mengine yanavunjika au kutoa unga. Kisha sugua jiwe nyuma ya kigae, upande usiong'arishwa. Dhahabu huacha mstari wa njano. Mengine yote mawili huacha mweusi wenye ukijani. Madoa ya kijani juu ya jiwe ni shaba iliyooza, basi.

"Waliofunga waliificha dhahabu."
Tani moja ya mwamba wenye gramu 5 ina dhahabu ya ukubwa wa punje ya mahindi. Gharama ya kuvunja, kupandisha, kusaga na kupampu maji ikizidi thamani ya punje hiyo, mgodi unafungwa hata dhahabu ikiwa bado imo.

"Maji ya shimo ni maangavu, kwa hiyo ni salama."
Pairaiti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa, na asidi huyeyusha shaba, zinki na aseniki bila kuyachafua maji kwa macho. Uchafu wa rangi ya chungwa kwenye mfereji ni dalili; kukosekana kwake si kibali, maana aseniki husafiri hata kwenye maji yasiyo na asidi. Kuchemsha hakuondoi metali: maji yanapungua, metali inabaki ileile, na kila kikombe kinakuwa kikali zaidi.