Mama akisema “gwaenchanayo”, bado hajakubali

Jumatatu nilipokea simu ileile ninayoipokea kila muhula. Binti wa Kitanzania anayeishi na familia ya Kikorea hapa Seoul alikuwa akilia: mama mwenyeji amenuna tangu jana na yeye hajui kosa lake. Nikamuuliza kama alileta wageni. Ndiyo, marafiki watatu wanaosoma Daejeon, wakalala usiku mmoja. Uliomba ruhusa? “Niliomba, dada, na mama akasema gwaenchanayo.”

Kazi yangu ni kuwatafutia wanafunzi familia za kuishi nazo, na hakuna neno linaloniletea kesi nyingi kama hilo. Kila mmoja ameambiwa darasani kwamba maana yake ni “hamna shida”. Ni kweli, lakini ni nusu ya maana. Ukishiba na mama akataka kukuongezea wali, wewe mwenyewe unaweka kiganja juu ya bakuli na kusema gwaenchanayo, yaani asante, imetosha. Hapo unajua vizuri kuwa ni neno la kukataa. Mbona likihusu marafiki zako unalisikia upande mmoja tu?

Mtu mzima wa Kikorea huona tabu kumwambia “hapana” usoni kijana anayelala chini ya paa lake. Anatoa neno laini, kisha anategemea uusome uso wake na sauti yake. Kipaji hicho wanakiita nunchi, na asiyekuwa nacho huonekana hajalelewa. Sisi si wageni wa jambo hili. Ukipita kwa jirani akiwa anakula, atasema “karibu”, nawe utajibu “starehe” na kuendelea na safari yako. Hakuna aliyekufundisha, na huvuti kigoda ukaketi. Basi itumie akili hiyohiyo hapa Seoul.

Nilimpigia yule mama. Aliambiwa Jumatano kwamba “marafiki” watakuja wikiendi. Wangapi, saa ngapi, watakula au hawatakula, hakuambiwa. Jumamosi akaandaa vitoweo sita vya pembeni na samaki wa kuchoma, akatandika magodoro sebuleni. Wakafika saa nne usiku wakiwa wameshakula mjini. Samaki alibaki mezani mzima, amefunikwa. Asubuhi babu, mwenye zaidi ya miaka themanini, alisimama koridoni na taulo begani akisubiri bafu, na bafu ni hilohilo moja. Kilichoniuma zaidi ni maneno ya mwisho ya yule mama: angefurahi sana kama wangekuja kwa chakula cha mchana tu.

Kwa hiyo nasema tena, nitasema hata mwaka kesho: omba kwa ujumbe wa KakaoTalk, siku kumi kabla, usimuulize mlangoni akiwa na mifuko ya sokoni mikononi. Ujumbe unampa nafasi ya kufikiri bila kukutazama machoni. Taja idadi, tarehe, saa ya kufika na ya kuondoka, na habari ya chakula. Malizia kwa kumwachia njia: “tunaweza pia kukutana mkahawani.” Kisha subiri. Akirudi na maswali yake, kwa mfano wanakula nguruwe au hawali, amekubali kwa moyo. Akijibu gwaenchanayo tupu na kubadili mazungumzo, peleka wageni wako nyumba ya wageni kule Hongdae, au kwenye jjimjilbang, yaani bafu la umma lenye vyumba vya joto, inayokesha, waoge na walale huko.

“Lakini chumba nimelipia.” Umelipia kitanda chako na milo yako. Katika mikataba ninayoisimamia, mgeni wa kulala anahitaji ruhusa kila mara. Kausome.

Na namba ya kufungulia mlango usimpe mtu, hata ndugu wa damu, hata mvua ikinyesha. Nyumba nyingi hapa hazina funguo za chuma. Namba ile ndiyo ufunguo wenyewe, na familia ikijua umeitoa italazimika kuibadilisha. Mimi pia nitakuhamisha.

Wengine hudhani Chuseok ya mavuno na Seollal ya mwaka mpya wa Kikorea, kwa kuwa ni sikukuu, ndizo siku nzuri za kualika. Ndizo mbaya kuliko zote. Jamaa wanafika kutoka mikoani, wengi wanawaandalia mababu meza ya ibada, na jikoni hakuna pa kusimama.

Ghorofani, sakafu yako ni dari ya mtu. Wakorea wana neno maalumu la kelele za kati ya ghorofa, na majirani hugombana kwa ajili yake hadi kufikishana polisi. Wageni wanne wanaotembea kwa visigino saa sita usiku watasikika chini hata wakinong’ona.

Wapo pia wanaoamini zawadi kubwa inafuta yote. Mgeni aje na matunda, ayatoe kwa mikono miwili. Boksi la peari linatosha, na mama akiliweka kando bila kulifungua hajalidharau. Lakini yule binti aliponiuliza anunue nini, nilimwambia asinunue kitu kwanza. Aende jikoni mama akiwa peke yake, aombe radhi kwa Kikorea chake hichohicho kibovu, na amtaje yule samaki.