Mla mboga ni nani, na mwili wake unakosa nini?

Katika nyumba nyingi za Tanzania bara ukiuliza "leo mboga nini?" unaweza kujibiwa "nyama", na hakuna atakayecheka. Mboga ni chochote cha kulia ugali. Mla mboga tunayemzungumzia hapa ni mwingine: hali nyama, kuku wala samaki. Wengi wa aina hii hutumia maziwa na mayai. Wahindu wengi wenye asili ya Gujarat hunywa maziwa lakini mayai hawayagusi. Vegani ndiye anayeacha kila kitokacho kwa mnyama, hata asali.

Watu huanza kuhofia protini, nami naona hofu hiyo imezidi. Mahindi yana kiasi kidogo cha laisini, kijenzi kimojawapo cha protini, na mwili hauwezi kujitengenezea laisini. Maharage yanayo tele, ila yamepungukiwa methionini, kijenzi kingine ambacho mahindi yanacho. Makande yamelimaliza hilo zamani. Wala si lazima viive sufuria moja: uji wa asubuhi na kunde za jioni mwili utavijumlisha.

Madini ya chuma yanataka akili kidogo. Ya kwenye maharage na mchicha hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama, na chai ya rangi ya kushushia chakula huzidi kuyazuia. Kamulia limau, chai isubiri kwanza.

Wasabato wa Marekani wamechunguzwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Loma Linda, California. Wasiokula nyama walionekana kuwa na kisukari na shinikizo la damu kidogo kuliko Wasabato wenzao wanaokula. Usichukulie kuwa kuacha nyama pekee kunatosha. Chipsi na soda navyo havina nyama.

Penye tatizo la kweli ni vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria, na hakuna jani wala nafaka ya kuitegemea. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo aliyeacha nyama hujiona mzima kabisa, hadi siku nyayo zinapoanza kufa ganzi na damu kupungua. Tena foleti, vitamini nyingine iliyojaa kwenye majani mabichi, inaweza kuficha upungufu huo wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Anayekula mayai na kunywa maziwa kila siku anapata kiasi. Vegani anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa B12, na mama vegani anayenyonyesha asisubiri dalili, maana mtoto hana akiba ya miaka.