Dereila si gia

Dereila ni kifaa kinachoning'inia chini ya ekseli ya nyuma ya baiskeli, ambacho huuhamisha mnyororo kutoka sproketi moja hadi nyingine na wakati huohuo huukaza usilegee. Gia ni uwiano tu wa meno ya sproketi ya mbele na yale ya nyuma. Hapa Dar es Salaam vyote viwili, pamoja na shifta (kibadilishi cha gia kwenye usukani) na kaseti (kifungu cha sproketi za nyuma), huitwa "gia", na ndiyo maana wiki iliyopita nilimwona kijana Kariakoo akiomba "gia ya nyuma ya nane" kwa ajili ya baiskeli yake ya milimani, akaletewa kaseti. Alipofafanua, aliletewa dereila nzuri ya kampuni ya Shimano yenye mkono mrefu, akaikataa kwa kuwa ilikuwa ya gia 9, yaani ya sproketi tisa za nyuma, kisha akanunua ya mkono mfupi iliyoandikwa 8.

Neno hili limetoka katika kitenzi cha Kifaransa dérailler, yaani kutoka relini. Treni ikipatwa na hilo sisi husema imeacha njia, na dereila huufanyia mnyororo jambo hilohilo kwa makusudi: huusukuma uiache sproketi uliyoishika na kuukabidhi kwa jirani yake. Katika jina hilo hamna hesabu ya gia, wala haimo katika chuma chenyewe. Ule mlio wa "tik" unaousikia unapobadili gia hutoka kwenye usukani, ndani ya shifta, ambamo vijino vidogo huamua waya uvutwe kiasi gani. Dereila huufuata waya kama ndoo inavyofuata kamba ya kisima.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama shifta na dereila vinapatana katika kiasi hicho cha kuvuta. Kwa dereila za Shimano za baiskeli za milimani, zile za gia 7, 8 na 9 zina kipimo kimoja, ila kwenye gia 10 kipimo kilibadilishwa. SRAM, kampuni nyingine ya vipuri, nayo ina vipimo vyake. Swali la pili ni la mkono ule wenye magurudumu mawili madogo, unaomeza mnyororo unaozidi. Nilichuchumaa kando ya baiskeli ya kijana yule tukahesabu meno pamoja, tukiyafuta grisi kwa kitambaa: sproketi kubwa na ndogo kabisa za mbele 42 na 22, za nyuma 32 na 11. Tofauti ni 20 na 21, jumla 41, mzigo ambao mkono mfupi hauubebi. Mnyororo ukikaa kwenye sproketi kubwa mbele na nyuma, unaweza kukaza hadi ukaing'oa dereila pamoja na sikio la fremu inapofungwa, na kupanda vilima vya Pugu kukaishia hapo.

Basi, mdogo wangu, ukirudi dukani kubadilisha, sema hivi: "Naomba dereila ya Shimano ya mkono mrefu, inayofika sproketi ya meno 32 na kubeba jumla ya tofauti ya meno 41; shifta yangu ni ya gia 8." Wakikupa tena ile ya 9, ipokee.