Wakili wa mahkamani ni nani?

Ukisikia fulani "kaweka wakili", iwe Unguja au Pemba, mara nyingi kaenda kwenye ofisi ndogo tu: mawakili wawili watatu, karani mmoja na kabati la mafaili. Wakili wa mahkamani ni mwenye ruhusa ya kusimama mbele ya hakimu au jaji kumsemea mwenye kesi. Shahada ya sheria peke yake haimpi mtu ruhusa hiyo. Lazima akubaliwe na Jaji Mkuu na jina lake liingizwe katika daftari la mawakili. Na Zanzibar ina Jaji Mkuu wake na daftari lake. Aliyesajiliwa Dar es Salaam hapandi boti asubuhi akasimamia kesi Mahkama Kuu ya huku mchana, mpaka naye akubaliwe huku.

Watu hudhani kazi yenyewe ni kusema vizuri. Kusema kupo, lakini kwanza wakili anatakiwa ajue kesi inapelekwa wapi, na hapa kwetu hilo si dogo. Chukua mzee aliyefariki Wete akaacha nyumba na mikarafuu. Mafungu ya warithi Waislamu yanaamuliwa Mahkama ya Kadhi. Jirani akijitokeza kudai kwamba ardhi ni yake na marehemu alikuwa na miti tu (Pemba mikarafuu na ardhi yake huweza kuwa na wenyewe mbalimbali), huo ni mgogoro wa Mahkama ya Ardhi. Familia moja, shamba moja, mahkama mbili. Ukifungua pasipo pake, wakili wa upande wa pili ataweka pingamizi na shauri litaondolewa kabla hata shahidi mmoja hajaapa. Hata rufaa hazina njia moja: Katiba ya Zanzibar ya 1984 hairuhusu mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi kufika Mahkama ya Rufani ya Tanzania.

Siku ya ushahidi ndipo wakili mzuri anapojulikana, na mara nyingi kwa uchache wa maneno. Shahidi kaeleza kirefu namna shamba lilivyouzwa. Wakili anainuka.

"Bwana, siku ya kuuziana ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini kila mtu anajua."

"Ahsante." Anakaa. Wakili mchanga angeendelea kuuliza, akampa shahidi nafasi ya kujirekebisha.

Huduma hii haikuwepo wakati wote. Katika miaka ya 1970 kesi zilisikilizwa na mahkama za wananchi, na mawakili hawakuruhusiwa kumsimamia mtu mle. Mfumo huo uliondolewa 1985.

Ukienda kuweka wakili, uliza kama yumo katika daftari la Zanzibar, uliza ni yeye atakayesimama au atamtuma mwenzake, na dai risiti. Anayekuahidi ushindi muogope. Asiye na uwezo wa kulipa aanze kwa msaidizi wa sheria aliye karibu naye. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 inawatambua wasaidizi hawa. Msaidizi atakueleza haki yako na wapi pa kwenda, ila kukusemea mbele ya jaji si kazi yake.