Je, wajua kwa nini jeshi la Sparta la mezani linahitaji mbuzi?

Anayecheza vita vya mezani kwa sanamu ndogo, akitaka kuonyesha dini ya Wagiriki wa kale, mara nyingi hukimbilia kujenga hekalu lenye nguzo na ngazi. Hekalu linapendeza. Lakini kwa Wasparta, Wagiriki wa mji wa Sparta, walio vitani ipo mandhari yenye ukweli zaidi, nayo inaenea kwenye kitako, yaani kibao cha kusimamishia sanamu, kidogo kuliko kiganja: mbuzi jike, mchinjaji na mwaguzi anayesoma ishara za sadaka.

Wasparta walipofika mahali adui anaonekana kwa macho, walimchinjia mbuzi Artemis Agrotera, mungu wa kike wa mawindo. Ishara zikiwa mbaya, jeshi halisogei. Xenophon, mwandishi Mgiriki aliyeishi na Wasparta, anaandika kwamba saa hiyo wapiga zumari wote walipiga, na kila Msparta alivaa taji la majani.

Katika vita vya Plataea, Ugiriki, mwaka 479 KK, subira hiyo iliwagharimu damu. Mishale ya Waajemi ilikuwa ikiwanyeshea, na sadaka za Pausanias, kamanda wa Wasparta, zilikuwa bado hazitoi ishara njema. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anamtaja Callicrates, mwanamume mzuri kuliko wote katika jeshi la Wagiriki, aliyechomwa mshale ubavuni akiwa ameketi kwenye safu yake. Alisikitika kwamba anakufa kabla mkono wake haujafanya kazi. Pausanias akageukia hekalu la mungu wa kike Hera, akaomba, na hatimaye ishara zikawa njema. Wakainuka, wakashinda.

Ndiyo maana napenda kuwatengeneza askari wameketi, ngao mbele yao. Kwa sanamu za milimita 28, mbuzi mwenye kimo cha milimita 12 hivi begani anatosha. Kondoo wa plastiki hugeuzwa mbuzi kwa pembe za waya na ndevu za gundi ya kufinyanga. Mkao wa mchinjaji usiubuni. Katika jumba la makumbusho la Cleveland, Marekani, kuna kipande cha kikombe cha Athens ambapo askari amempanda kondoo dume mgongoni, amemvuta kichwa nyuma na kumtia upanga shingoni. Uige huo.

Madhabahu na moto viache. Nyama ya sadaka hii haikuwa ya karamu. Damu ilimwagwa ardhini mbele ya safu, kwa hiyo changanya nyekundu na kahawia kidogo uidondoshee kwenye mchanga wa kitako. Rangi ya kijani iliyokolea itoshe kwa mataji.

Mezani kwangu kitako hicho kina kazi. Kila zamu Msparta anarusha dadu moja. Mpaka ipatikane 5 au 6, safu zake haziruhusiwi kusonga, hata mishale ikiwa inawamaliza.